Barua Imefika, Mzigo Umebaki Ziba

Wapenzi wa Kiswahili, leo sikuja na shairi. Nimekuja na lalamiko, nusu yake nikiielekeza kwenye kompyuta yangu na nusu kwetu sisi wenyewe, tunaojiita walinzi wa lugha.

Mwezi uliopita nilikuwa Ziba, wilayani Igunga, mkoani Tabora, nyumbani kwa mzee mmoja malenga. Jina lake silitaji, kwa kuwa hajanipa ruhusa. Mzee huyu ana madaftari matatu ya mashairi aliyoanza kuyaandika siku alizokuwa karani wa ushirika wa pamba. Mchwa wamekwisha kula ukingo wa daftari la kwanza, hata baadhi ya beti zimebaki na kina cha kati pasipo kina cha mwisho. Mhariri mmoja wa Dar es Salaam alikubali kuyatazama, kwa sharti kwamba yamfikie kabla ya mwisho wa mwezi. Zilikuwa zimebaki siku nne. Nilimwomba mzee anikabidhi madaftari niyapeleke mwenyewe kwa basi. Akakataa.

“Mwanangu,” aliniambia, “haya yakitoka mlangoni, mimi sina nakala nyingine. Hata hii kumbukumbu yenyewe imeanza kunikimbia.”

“Nimekuelewa, babu,” nikamjibu. Nikatoa simu, nikapiga picha ukurasa baada ya ukurasa, jumla picha 58, kisha nikazihamishia kwenye kompyuta mpakato.

Hapa yafaa nieleze kidogo. Watu wengi siku hizi husoma barua pepe kwa kupitia kivinjari. Mimi bado natumia programu ya barua inayokaa ndani ya kompyuta yenyewe, ile inayokuruhusu kuandika hata mtandao ukiwa haupo, ikazihifadhi barua zako na kuzipeleka pindi mtandao unaporejea. Kwa mtu anayezunguka vijijini kukusanya tungo, hicho si kifaa cha kizamani. Nikaziunganisha picha zote kuwa faili moja, nikalipunguza uzito hadi likawa na megabaiti 20, nikaliambatisha kwenye barua ya mistari miwili, nikabonyeza Tuma. Mstari wa bluu ukatembea, ukafika katikati, ukasimama.

Nilijaribu tena. Na tena. Jioni nikatoka kutafuta msaada. Kijana wa steshenari alitupia jicho kioo cha kompyuta akasema, “Imegoma hiyo, kaka. Zima, washa.” Mwalimu mmoja tuliyekuwa naye barazani akasema mtandao unasumbua. Fundi niliyempigia simu mjini, ambaye hakuwa ameiona hata kompyuta yenyewe, akasema bila shaka ni kirusi. Watu watatu, hukumu tatu, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza barua ilikuwa imefika wapi kabla ya kusimama.

Hilo ndilo lalamiko langu. Neno *imegoma* limekuwa kapu letu la kutupia kila kasoro. Pikipiki imegoma, redio imegoma, kadi ya benki imegoma, barua imegoma. Kugoma ni tendo la mwenye nia: mfanyakazi hugoma kwa sababu ana dai, na kwenye misafara ya zamani wapagazi waligoma pale walipopunjwa posho. Kompyuta haina dai. Tukisema imegoma tunakuwa tumeipa utashi isio nao, na papo hapo tumejifungia mlango wa kuuliza sababu, maana mwenye kugoma hubembelezwa tu. Ndiyo maana tunazima na kuwasha. Tunabembeleza.

Angalieni tunavyofanya kwenye fani yetu. Shairi likiharibika hakuna malenga anayesema shairi limegoma. Tunasema mizani imepungua mstari wa tatu, au kina cha kati kimepotea, au kituo hakikufunga hoja, na tungo yenye kasoro tunaiita guni. Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, mwisho wa njia hiihii ya misafara, alitupa kanuni hizo kitabuni mwaka 1954 katika *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri*. Mtu anaweza kubishana na baadhi ya kanuni zile, na wengi wamebishana, ila hawezi kukana kwamba zilitupa namna ya kuonesha kosa kwa kidole. Iweje basi tuwe mafundi wa kutaja maradhi ya beti, halafu mbele ya barua isiyoondoka tuwe mabubu?

Usiku ule nikaamua kuitendea barua kama ninavyolitendea shairi. Kwanza nilituma barua tupu, bila kiambatisho. Ikafika. Kwa hiyo jina la akaunti, nywila na anwani ya seva vilikuwa sawa, na ile habari ya kirusi nikaiweka kando. Pili nikatuma barua yenye faili dogo sana. Ikafika. Kumbe viambatisho kama viambatisho havikuwa na kosa. Tatu nikatuma picha mbili zenye jumla ya megabaiti 5. Zikachukua dakika kadhaa, zikafika. Nne nikarudia lile faili la megabaiti 20, safari hii sikulala, nikakaa nikitazama. Mara ya kwanza lilikatikia njiani. Mara ya pili lilitembea hadi mwisho wa mstari, ndipo ukatokea ujumbe wa Kiingereza wenye tarakimu tatu mbele: 552.

Siku zote zile nilikuwa nikiufunga ujumbe kama huo bila kuusoma. Nakiri kosa. Tarakimu ya kwanza ndiyo yenye habari kubwa. Seva za barua zikijibu kwa namba inayoanza na 4, maana yake ni shida ya muda, jaribu baadaye. Zikijibu kwa namba inayoanza na 5, maana yake zimekataa, na ukirudia vilevile zitakataa vilevile. Kwa Kiswahili tunayo maneno mawili mafupi yanayobeba tofauti hiyo pasipo jasho: *bado* na *hapana*. Lugha nyingi zinatuonea wivu kwa *bado* yetu, lakini hatujaipa kazi hapa inapohitajika. Mimi nilikuwa nimeambiwa hapana, nami nikaendelea kubisha hodi kama niliyeambiwa bado. Na kila hodi ilikuwa na gharama, kwa sababu barua ya namna hii ikikatika njiani haiendelei pale ilipoishia. Huanza upya kutoka baiti ya kwanza. Bando langu la siku mbili liliteketea hivyo.

552, kwa kauli fupi, ni kwamba mzigo umezidi kipimo. Lakini faili langu lilikuwa na megabaiti 20, na kipimo cha mtoa huduma wangu ni 25, sawa na kile ambacho Gmail imewawekea watumiaji wake. Ishirini inazidije ishirini na tano?

Jibu linahitaji turudi nyuma. Kanuni za kusafirisha barua pepe ambazo mpaka leo ndizo msingi ziliandikwa mwaka 1982, na ziliandikwa kwa ajili ya maneno tu, tena ya herufi za Kiingereza. Hazikujua picha wala sauti. Mwaka 1992 Nathaniel Borenstein na Ned Freed walitoa utaratibu unaoitwa MIME. Hawakubomoa njia ya zamani, walibuni namna ya kufungasha. Picha huvunjwavunjwa na kuandikwa upya kama maandishi, mfululizo mrefu wa herufi na tarakimu zisizosomeka, kila baiti 3 zikigeuzwa kuwa herufi 4. Kwa hiyo kila kiambatisho hunenepa kwa theluthi moja na ushei kabla hakijatoka nyumbani. Ishirini zangu zilikuwa zimekuwa ishirini na saba. Ukiambiwa kipimo ni 25, wewe hesabu 18 moyoni.

Watu wa upande huu wa nchi wasingehitaji maelezo marefu hivyo. Bidhaa za Bagamoyo hazikubebwa mpaka Unyanyembe kama zilivyotoka dukani. Nguo zilikunjwa, zikabanwa na kushonewa kuwa furushi refu la kumtosha mtu mmoja, na furushi hilo ndilo lililoitwa *mtumba*, neno ambalo leo tunaliacha kwenye masoko ya nguo kuukuu bila kukumbuka mabega yaliyolibeba. Mzigo wa pagazi ulihesabiwa kuwa kama frasila mbili, yaani ratili 70, karibu kilo 32. Uzito wa kamba na magunia ulikuwa juu yake yeye. Mwenye msafara aliyehesabu nguo akasahau kufungasha alijikuta ana mzigo usionyanyuka.

Kwa sababu hiyo nina shaka kidogo na neno *kiambatisho*. Silikatai. Limekwisha zoeleka ofisini, limeundwa kihalali kutokana na *ambatisha*, na nalipenda kuliko *kiambatanisho*, ambalo linarefusha safari bila kuongeza maana. Shaka yangu ni picha linayochora akilini: barua inatembea, na kando yake kimeninginia kitu kama kibuyu kiunoni. Mtu mwenye picha hiyo hushangaa barua ya mistari miwili inawezaje kukwama. Uhalisi ni kwamba barua na mzigo ni mwili mmoja, maandishi mamoja marefu kutoka salamu mpaka mwisho wa picha, na seva huyapima yote kwa pamoja. Waliotafsiri programu huria kwa Kiswahili katika mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliotupatia Jambo OpenOffice mwaka 2004, walikutana na mamia ya maneno ya namna hii, na nawaheshimu kwa kuthubutu. Kazi iliyobaki si ya majina tu. Majina ya vitu tunayo ya kutosha sasa. Tunachopungukiwa ni vitenzi.

Vitenzi vyenyewe vipo, vinangoja kuitwa. Barua ambayo haijaondoka kwenye kompyuta yako *imekwama*. Iliyoondoka ikapoteza mtandao njiani *imekatika*. Iliyofika kwenye lango la seva ikaambiwa hapana *imekataliwa*. Iliyopokewa na seva yako, ikasafiri, kisha ikakataliwa na seva ya mpokeaji na taarifa ikakurudia saa moja baadaye, hiyo *imerudi*. Na iko inayofika ikiwa na kiambatisho kisichofunguka, kwa kuwa programu ya mtumaji imekifunga kwa mtindo wake ambao programu ya mpokeaji haiujui. Hiyo *imefika imefungwa*. Mambo matano, tiba tano. Aliyekwama aangalie kama programu haijawekwa kufanya kazi nje ya mtandao. Aliyekatika asubiri usiku wa manane mtandao ukiwa mwepesi. Aliyekataliwa apunguze. Aliyerudishiwa asome namba na aikague anwani. Ukiniambia *imegoma* kwa simu, nami nipo Tabora mjini, sina la kukusaidia isipokuwa pole.

Nikiwa nasubiri, nilijitungia ubeti. Ni wangu, si wa mzee. Zake sina idhini ya kuzitoa.

Mzigo nimeufunga, kichwani sijautua,
Njia ndefu ya mchanga, jua linanichubua,
Kituoni nikigonga, ni nani atanitua?
Asojua kuufunga, kuubeba hatajua.

Siuleti kwa ajili ya uzuri wake. Naomba muupime. Herufi zake, nafasi zake na alama zake zote hazifiki 150, kwa hiyo kwenye kompyuta una baiti zisizofika 150. Picha moja ya simu yangu ilikuwa na megabaiti 3 hivi kabla sijaipunguza. Gawanyeni: picha moja ya ukurasa mmoja ni sawa na beti 20,000 za namna hii. Madaftari yote matatu ya mzee yana beti kama 230, ambazo zikichapwa kwa maandishi matupu hazizidi kilobaiti 35. Zingeondoka Ziba kwa kufumba na kufumbua, hata kwa mtandao ule ule.

Mhariri aliliona hilo kabla yangu. Nilipompigia simu kueleza taabu yangu alisema, “Chapa maneno tu, ndugu yangu. Picha za nini?” Kiufundi alikuwa na haki kabisa. Nilianza kuchapa usiku huohuo, na nilipofika daftari la pili nikaona kwa nini nisingeweza kumtii moja kwa moja. Kuna shairi ambamo mzee aliandika *barua*, akalifuta kwa mstari mmoja, juu yake akaandika *balua*. Mtu yeyote wa kuchapa, nikiwemo mimi, angedhani ni athari ya lugha ya kwanza akarekebisha. Asubuhi nilimuuliza.

“Anayesema pale ni mama yangu,” alisema. “Yeye alitamka hivyo. Mimi ndiye niliyekosea mwanzo.”

Mstari ule wa kufuta hauna nafasi katika kilobaiti 35. Unaonekana kwenye picha peke yake. Na kuna mengine kama huo: mahali kalamu ilipobadilika rangi, beti mbili alizozipanga upya kwa mishale, na ule ukingo ulioliwa, ambapo mchapaji mvivu angeweka kina cha kubuni na dunia isijue. Kwa hiyo ushauri wa kila fundi kwamba punguza, punguza, nao una mpaka wake. Kuna mzigo unaopungua na kuna usiopungua.

Hapa ndipo nilipokumbuka kisa kinachojulikana sana kwenye njia hii. Tarehe 1 Novemba 1870 mfuko wa barua za Livingstone ulifungwa Unguja ukatiwa tarehe hiyo, ukakabidhiwa msafara. Msafara ukakaa Bagamoyo kama siku 100. Baadaye mfuko ukafika Unyanyembe, na Stanley aliyeukuta huko ndiye aliyemchukua mbebaji wake mpaka Ujiji mwaka 1871. Ulikuwa umekaa njiani yapata mwaka mzima. Barua hatimaye zilimfikia mwenyewe. Shehena ya bidhaa alizokuwa ameletewa Ujiji kabla ya hapo, aliporudi kutoka Manyema aliambiwa imekwisha kuuzwa na aliyekabidhiwa. Barua alipata, mzigo hakupata. Wenzetu wa wakati ule waligawa shehena katika mitumba mingi na wakaitanguliza kituo kwa kituo kwa sababu walijua kwamba kilichopotea kimoja kisipoteze vyote.

Nikafanya hivyo. Nilichapa maandishi yote na kuyaweka ndani ya barua yenyewe, si pembeni, ili yafike hata kama picha hazitafika. Faili la picha nikaligawa sehemu nne, kila moja kama megabaiti 5, na kwenye kichwa cha kila barua nikaandika “1 kati ya 4”, “2 kati ya 4”, ili mhariri ajue kama kuna pagazi aliyebaki nyuma. Wako watakaosema ningeweka faili kwenye ghala la mtandaoni nikatuma kiungo tu. Ni njia nzuri, na mara nyingi ndiyo bora. Lakini kupandisha ghalani kunahitaji mtandao uleule, na kiungo hufa siku akaunti inapofungwa, ilhali barua hukaa kwa aliyeipokea. Zilianza kuondoka saa saba usiku. Saa tisa zote zilikuwa zimekwenda. Sehemu ya tatu, niliambiwa baadaye, ilifika mara tatu: seva ilikuwa imeipokea, ila jibu la “nimepokea” likakatikia njiani, na programu yangu kwa uaminifu wake ikatuma tena.

Nyongeza ndogo kwa wapenzi wa majina. Sikio la Mswahili likisikia *Ziba* huwaza kuziba, na usiku wa kwanza niliona jina limenifaa sana. Mwenyeji husikia jambo jingine. Kwa Kinyamwezi na Kisukuma *iziba* ni mahali maji yanapotuama, ndugu wa damu wa *ziwa* letu. Nilipomwambia mzee utani wangu wa kuziba hakucheka.

Siku ya tatu mhariri alijibu. Amepokea vyote, atayasoma, na *balua* itabaki *balua*. Nilimsomea mzee jibu lile barazani, polepole, mara mbili. Alinyamaza kitambo.

“Na madaftari yenyewe,” akauliza, “yatarudi lini?”

Nikafungua mkoba, nikayatoa yote matatu, nikamwekea mapajani. Akayahesabu.